Mtu na Mkewe

Mwaka 2017, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka 50, nilikuwa mwaka wa pili wa chuo kikuu Dar es Salaam. Mhadhiri wetu wa nadharia za siasa alitupa swali la mstari mmoja: jadili misingi ya itikadi ya Ujamaa. Niliandika kurasa 12 kwa siku tatu. Nilimweleza Julius Nyerere aliyesoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952 na kukutana huko na mawazo ya wajamaa wa Uingereza. Nikamweleza Nyerere Mkatoliki, aliyebatizwa akiwa kijana na kuishika imani yake mpaka mwisho. Nikamweleza Nyerere mtoto wa chifu wa Wazanaki, aliyeandika mwaka 1962 kwamba msingi wa ujamaa wetu ni ukoo, ile familia pana ambamo kila mtu alifanya kazi na kila mtu alitunzwa. Edinburgh, Roma na Butiama. Nikaona nimemaliza.

Nilipata B. Pembeni ya ukurasa wa mwisho mhadhiri aliandika kwa wino mwekundu: "Umeeleza vyanzo. Misingi iko wapi?"

Niliudhika wiki nzima. Kwangu vyanzo na misingi vilikuwa kitu kimoja. Ukitaka kujua itikadi imesimama juu ya nini, unatafuta aliyeianzisha alisoma nini, alisali wapi, alizaliwa kwa nani. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa tangu sekondari, na hivyo ndivyo tunavyobishana mpaka leo, iwe ni kuhusu dini ya mtu au chama chake: nani alisema, mwaka gani, kwenye kitabu kipi.

Likizo ilipofika nilipanda treni kwenda Tabora kwa bibi mzaa mama. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu kwamba nataka kuangalia sanduku la babu. Babu alifariki mwaka 2003, nikiwa mdogo. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi alikuwa diwani. Nyumbani kwetu jina lake lilitajwa kwa sauti ya chini kidogo, kama watu wanavyotaja jina la shehe aliyekufa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kuniona mimi, au umemfuata mume wetu sandukuni?"

Sanduku lilikuwa la bati, lile la wanafunzi wa bweni. Juu kabisa, limefungwa kwa kitambaa cheupe, lilikuwa fungu la msahafu na tasbihi, maana msahafu hauwekewi kitu juu yake. Chini yake kulikuwa na kadi ya TANU, kadi ya CCM, picha chache za walimu waliosimama mistari miwili mbele ya darasa, na kijitabu cha Azimio la Arusha ambacho kurasa zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilikichukua kijitabu hicho kwa hamu ya mtu aliyepata B.

Bibi alitandika mkeka chini ya mwembe. "Soma kwa sauti," akaniambia. "Mimi nilikuwa nasikia kinasomwa kwenye mikutano, lakini nilikuwa nyuma na watoto wanalia."

Nikasoma. Sehemu ya kwanza ya Azimio inaitwa Imani ya TANU. Sikuwa nimewahi kulitilia maanani neno hilo. Waandishi wake wangeweza kuliita sera, msimamo, au kanuni. Waliliita imani, na wakalianza kwa kuorodhesha yale ambayo chama kinaamini, kwanza kabisa usawa wa binadamu wote. Nilipofika hapo bibi alitikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya mtu anaposikia aya anayoijua.

Sehemu ya tatu, ya kujitegemea, inasema kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko watu wote nchini, wakati mwingine saa 12 au 14 kwa siku. Kisha inalaumu kwamba nguvu za mamilioni ya wanaume wa vijijini, na za maelfu ya wanawake wa mjini, zinapotea katika soga, ngoma na ulevi. Hapo bibi alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mimi ndiye huyo wa mjini," alisema. "Na soga kweli nilipiga. Lakini muulize Mwalimu, vile vitumbua vilijipika vyenyewe?"

Ndipo aliponisimulia habari za nyumba ya Ng'ambo. Nilikuwa nimewahi kuisikia vipande vipande, kama watoto wanavyosikia mambo ya wakubwa. Siku hiyo aliisema yote.

Aliolewa mwaka 1957. Mahari yake hakuila. Aliiweka, akaanza kupika vitumbua na kuvipeleka stesheni ya reli, abiria wa Kigoma na wa Mwanza wakivinunua madirishani. Alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kutwanga mchele. Baadaye akaongeza asali, akiinunua kwa ndoo kutoka kwa warina asali wa porini na kuiuza kwa chupa. Kufikia mwaka 1963 alikuwa amejenga Ng'ambo nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, jiko na choo uani, bati juu. Yeye na babu waliishi katika nyumba ya mwalimu mkuu shuleni, kwa hiyo vyumba vyote sita alivipangisha. Kila mwezi alipokea shilingi 15 kwa chumba.

"Kodi ya chumba kimoja ilikuwa ya sabuni na nguo za watoto. Ya vyumba vitano ilikuwa ya Makka."

Alikuwa na kibubu cha mbao kwa ajili ya hijja. Alipiga hesabu kwamba akifika miaka 40 atakuwa ameshakwenda na kurudi, watu wanamwita Hajjati. Hijja ni nguzo ya tano ya Uislamu, nayo ni wajibu kwa mwenye uwezo. Bibi alikuwa anautafuta uwezo huo kwa mikono yake, kitumbua kimoja kimoja.

Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Watu wengi wanakumbuka utaifishaji wa mabenki uliofuata mara moja. Katika nyumba ya mwalimu mkuu Tabora, kilichofika ni sehemu ya tano, ile ya masharti ya uongozi. Masharti yalikuwa machache na hayakuwa na maneno mengi. Kiongozi wa TANU au wa serikali awe mkulima au mfanyakazi, asijihusishe na ubepari wala ukabaila. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha.

Madiwani walitajwa miongoni mwa viongozi. Babu alikuwa na mshahara mmoja, hana hisa, na hajawahi hata kuiona ofisi ya mkurugenzi. Lakini kulikuwa na nyumba ya Ng'ambo.

"Si ilikuwa ya kwako?" nilimwuliza bibi.

"Ya kwangu. Kwa dini yetu mali ya mke ni ya mke. Mume hana lake hapo, hata akiwa na njaa. Lakini siku ya kuandikisha kiwanja karani aliuliza jina la baba mwenye nyumba, basi likaandikwa la babu yako. Mimi sikuona taabu. Jina ni jina, nyumba naijua ni ya nani."

Na hata kama karani angeandika jina lake, isingesaidia. Nikageuza kurasa mpaka kwenye kifungu chenyewe nikamsomea. Azimio lilikuwa limefikiria mbali. Lilijua kwamba mtu anaweza kukimbizia mali kwa mke. Kwa hiyo lilieleza kwamba kiongozi hapo maana yake ni mtu, au mtu na mkewe. Mwanamke, au mwanamke na mumewe.

Bibi alinyamaza kidogo. "Rudia."

Nikarudia.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa kiongozi," alisema. "Mbona posho ya kikao sikuiona?"

Tulicheka wote wawili, lakini yeye aliacha kucheka kwanza.

Kabla ya mwaka 1967 kwisha, babu aliiuza nyumba kwa mfanyabiashara wa nafaka. Alirudi nyumbani jioni na fedha zimefungwa kwenye gazeti, akaziweka juu ya meza, akasema: "Mama watoto, nchi inatuhitaji safi." Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Alimwambia azipeleke benki, na babu akazipeleka kwa fahari, maana benki sasa ilikuwa ya umma. Fedha zile ziliishia kwenye maradhi ya mjomba, kwenye ada na harusi, na kilichobaki kikapoteza thamani katika miaka ya foleni za sukari na sabuni. Kibubu kilivunjwa mwaka 1982 kununua gunia la unga.

"Hakuniuliza," bibi alisema. "Hakunipiga, hakunitukana, na fedha hakula yeye. Lakini hakuniuliza."

Nilitaka kumchukia babu pale mkekani, ikanishinda. Bibi mwenyewe hakuniruhusu. Aliniambia wako waliokuwa na nyumba tatu wakaziandika kwa majina ya watoto na shemeji, na siku ya mkutano wakapiga makofi kuliko wote. Aliniambia mjini ilisemwa kwamba hata mke wa Mwalimu aliacha ufugaji wake wa kuku wa biashara kwa sababu ya masharti hayohayo. Aliniambia babu alikuwa na suti moja tangu harusi ya mama mpaka maziko yake, na kwamba mzazi akimletea jogoo ili mtoto wake apendelewe, jogoo alirudi na mwenyewe akiwa hai. "Alikiamini alichokisema. Wengi wanasema. Yeye aliamini."

Basi nikaanza kuelewa wino mwekundu wa mhadhiri. Edinburgh na Roma hazikumfanya babu kuwa mjamaa. Hakuwahi kufika huko kokote. Kilichomfanya mjamaa ni kwamba palikuwa na kitu alichoweza kukipata, akakiacha. Nikafikiria dini zetu, nikaona ni vilevile. Mtoto wa Kiislamu hajui kitu kuhusu elimu ya tauhidi siku anapofunga Ramadhani yake ya kwanza. Anajua kwamba maji yako mtungini, hakuna anayemwona, na hanywi. Mkristo anayeshika Kwaresima anajua anachokikosa mezani kabla hajajua kwa nini. Imani ya maneno inaweza kuandikwa na mtu mmoja chumbani kwake usiku mmoja. Inasimama pale tu watu wengi wanapokubali kukosa kitu kwa ajili yake. Kwa Kiswahili tuna neno la kitu kinachoachwa hivyo: mwiko. Na ndivyo watu walivyokuja kuyaita masharti yale ya sehemu ya tano: miiko ya uongozi.

Na miiko ikiondolewa? Mwezi Februari 1991, Mwalimu akiwa ameshaachia uenyekiti wa chama mwaka uliotangulia, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti. Kiongozi sasa aliruhusiwa kuwa na hisa, kuwa na mishahara zaidi ya mmoja, kuwa mkurugenzi, na kupangisha nyumba. Habari zilipofika Tabora babu alikuwa amestaafu. Mama anakumbuka kwamba alitoka nje akakaa kwenye ngazi mpaka giza likaingia. Bibi alimfuata na kikombe cha chai, akamwambia: "Kumbe nyumba yangu ilikuwa halali siku zote. Ilikuwa inasubiri mkutano."

Babu hakujibu. Chai ilipoa.

Katiba ya nchi haikuguswa sana katika hilo. Mpaka leo ibara ya tatu inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi ya kijamaa. Maneno yapo. Mwaka 1995 ikapitishwa sheria ya maadili ya viongozi wa umma, ambayo badala ya kumkataza kiongozi kuwa na mali inamtaka aitaje: yake, ya mwenzi wake, na ya watoto wake wadogo. Mwiko ukawa fomu. Sisemi fomu ni mbaya. Nasema tu kwamba babu asingekaa kwenye ngazi mpaka usiku kwa ajili ya fomu.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa insha nzuri ya A. Itikadi inasimama juu ya kile ambacho waumini wake wamekubali kukikosa. Lakini mbele yangu alikuwa amekaa mtu ambaye alikosa, wala hakukubali.

Nikamwuliza bibi babu alijitetea vipi. Alisema kwa miaka ya mwanzo walibishana sana usiku watoto wakilala, na hoja kubwa ya babu ilikuwa ya msikitini. Babu alipenda kusema kwamba Ujamaa haukuwa jambo geni kwa Mwislamu, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa la kwao. Swala ya jamaa ni ile inayoswaliwa pamoja, katika safu. Kwenye safu hakuna nafasi ya tajiri na nafasi ya maskini. Aliyewahi anakaa mbele, hata kama ni mchukuzi wa sokoni. Miguu inagusana. Babu alisema chama kinataka nchi nzima iwe safu moja.

"Nikamwambia sawa," bibi alisema. "Safu ni moja, imamu ni mmoja. Lakini nia, kila mtu anaweka yake. Imamu hawezi kukunuilia. Ukisimama kwenye safu bila nia umefanya mazoezi ya viungo."

Nilipokuwa nawaza kuhusu Edinburgh, sikujua kwamba mwanamke mmoja Tabora alishalijibu swali langu kitandani, usiku, miaka 50 nyuma, kwa sauti ya chini ili watoto wasiamke.

Niliporudi chuoni nilisoma upya kila nilichokuwa nimekisoma harakaharaka, nikitafuta nia ya bibi. Niliiona mahali ambapo sikuitegemea. Septemba 1967, miezi minane tu baada ya mkutano wa Arusha, Nyerere alitoa andiko la Ujamaa Vijijini. Humo alikiri kwamba ile familia ya jadi aliyoisifu mwaka 1962 ilikuwa na kasoro: wanawake walifanya kazi nyingi kuliko wanaume na hawakupewa heshima sawa. Mwaka 1968 aliandika kwamba watu hawawezi kuendelezwa, wanaweza tu kujiendeleza, na kwamba hakuna anayeweza kulazimishwa kuingia kijiji cha Ujamaa. Halafu mwaka 1971 Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa, inayosema kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki ya kumiliki mali yake mwenyewe na kuiuza, na kwamba kufunga ndoa hakubadilishi mwenye mali. Yaani miaka minne baada ya nyumba ya Ng'ambo kuuzwa, dola yenyewe iliandika kwenye sheria kile ambacho bibi alikuwa anakisema kwa dini yake.

Itikadi hiyohiyo, basi, ilijua. Ilijua kuhusu wanawake na ilijua kuhusu hiari. Lakini Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, ikawekwa mpaka mwaka 1976, na mamilioni ya watu wakahamishwa, wengine kwa malori, wengine nyumba zao zikivunjwa nyuma yao ili wasirudi. Wengi walioendesha operesheni hiyo hawakuwa watu waovu. Naamini miongoni mwao walikuwamo watu kama babu, wenye suti moja, waliorudisha majogoo. Kwa sababu walikuwa wamejinyima wao wenyewe, waliona wana haki ya kuwanyima na wengine. Nadhani hiyo ndiyo hatari ya muumini mwaminifu, na haiko kwa muumini mnafiki. Mnafiki anaficha nyumba yake kwa jina la shemeji. Mwaminifu anauza ya mkewe.

Neno itikadi tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu kufunga fundo. Mkataba wa ndoa kwa Kiarabu unatoka katika mzizi huohuo, nasi kwa Kiswahili tunasema kufunga ndoa. Nimelifikiria sana fundo hilo. Ndoa ya Kiislamu haifungwi mpaka wahusika waridhie. Bibi aliulizwa mwaka 1957 kama anamkubali babu, akaitikia, kukawa na mashahidi. Miaka kumi baadaye alifungwa fundo la pili, la mtu na mkewe, na safari hii hakuna aliyepiga hodi.

Narudi kwenye mwembe, maana kilichonifanya niandike haya kilitokea pale.

Nilikuwa bado nimeshika kijitabu kwenye kile kifungu. Jua lilikuwa limeinama, mwanga ukapita ubavuni mwa ukurasa, nikaona kwamba pembeni ya mstari wa mtu na mkewe palikuwa na alama ya penseli. Nilidhani ni uchafu. Nikainua karatasi. Ilikuwa alama ya kuuliza, ndogo, imeandikwa kwa ule mwandiko wa walimu wa zamani, imekolezwa mara mbili au tatu kama mtu aliyerudi hapo siku tofauti. Nikapekua kijitabu chote. Babu alikuwa amepigia mistari sehemu nyingi. Aliandika "sawa" hapa, "kweli" pale. Alama ya kuuliza ilikuwa moja tu.

Nikampa bibi. Alivaa miwani, akakisogeza kijitabu mbali, akakisogeza karibu. Alijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, na mwalimu wake alikuwa babu. Aliweka kidole juu ya ile alama akakaa hivyo muda mrefu.

"Kumbe alijua," alisema.

Nilifikiri atafurahi. Nilifikiri kujua kwamba babu naye alisita kungempunguzia kitu. Sauti yake haikuwa ya furaha.

"Miaka yote nilijiambia huyu mtu haoni. Macho yake yako mbali, anaiona Afrika nzima, mimi niliye hapa hanioni. Nikamsamehe, kwa sababu asiyeona utamfanyaje? Sasa unaniletea hii." Akagonga ukurasa kwa kidole. "Aliona. Akauliza kitabu. Mimi nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja, akaenda kuuliza kitabu."

Sikuwa na la kusema. Nikasema kitu cha kijinga, kile ambacho vijana wenye elimu tunakimbilia tunapoona deni: nikamwambia nikianza kazi nitamlipia hijja.

Alinitazama kwa huruma. "Mungu akujaalie. Lakini mimi hijja hainidai. Mungu aliposema mwenye uwezo, aliniwekea mlango. Nilipokosa uwezo nilipita mlangoni nikaenda zangu, sina wasiwasi naye. Mwenye kudaiwa si mimi." Kisha, baada ya kimya, akasema jambo ambalo sijaweza kulitoa kichwani: "Na unajua, mke mwenzangu, angeniuliza ningemkubalia. Nilikuwa kijana. Nilikuwa kwenye viwanja vya mkutano, nilicheza ngoma usiku wa Uhuru mpaka kanga ikachanika. Mimi nami nilikuwa na nchi. Ningelia siku mbili, siku ya tatu ningempa ufunguo mwenyewe, na nyumba ingekuwa sadaka yangu. Sasa haikuwa sadaka yangu. Haikuwa yake pia, maana hakutoa cha kwake. Ilikwenda bure."

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanga.

"Haya, soma tena hapo."

Nikasoma tena. Kiongozi maana yake ni mtu, au mtu na mkewe.

"Sasa niulize."

"Nikuulize nini, bibi?"

"Alichotaka kuuliza huyo mume wako. Wewe ndiye umemtoa sandukuni. Niulize."

Nilijisikia mjinga na nilijisikia kuogopa, kwa pamoja. Nikakaa vizuri kwenye mkeka, nikafunika magoti. Nikasema: "Bibi, babu anauliza kama unaridhia nyumba yako ya Ng'ambo iachwe kwa ajili ya nchi."

Adhana ya alasiri ikaanza msikitini. Bibi aliisikiliza mpaka mwisho, midomo yake ikiitikia. Kisha akashika bega langu akainuka, akachukua birika la udhu.

"Mwambie asubiri, nakwenda kuswali," alisema. "Mimi nimengoja miaka hamsini kuulizwa. Yeye nusu saa ya kujibiwa haitamshinda."